Paka wa Kiajemi: kumnunua vizuri, na kumzalisha kama umeamua

Ukiulizia paka wa nasaba Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Muscat, mara nyingi utaonyeshwa Mwajemi: manyoya marefu, uso bapa, macho makubwa ya rangi ya shaba. Ndiye pia anayewaponza wanunuzi wengi, kwa sababu kila mtoto wa paka mwenye manyoya ya kutimka huitwa Mwajemi mpaka akue na ukweli uonekane. Nimemchukua yeye awe mfano, ingawa mengi yaliyomo humu yanamhusu pia anayetafuta aina nyingine za nasaba kama British Shorthair, Maine Coon au Ragdoll.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni. Anayenunua mtoto wa paka ananunua kazi ya mtu aliyemzalisha. Basi mkague mtu huyo, kisha mama wa huyo mtoto, halafu ndipo umtazame mtoto mwenyewe. Ukianza na mtoto umekwisha. Atakutazama tu na pesa itatoka.

Hatua ya 1: Ipime nyumba yako

Mwajemi huchanwa kila siku, dakika 10 hadi 15, kwa chanuo la chuma lenye meno marefu. Ukiruka wiki moja, manyoya ya kwapani, nyuma ya masikio na tumboni hujisokota yakawa mafundo yanayovuta ngozi, na mwisho wake ni kunyolewa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Macho yake hutiririka machozi kwa sababu uso bapa umebana njia ya machozi, hivyo kila asubuhi yanafutwa kwa pamba na maji ya vuguvugu. Halafu kuna joto. Pua fupi haipitishi hewa vizuri, na paka anayeishi Mombasa au Zanzibar mwezi wa Februari anahitaji chumba chenye kivuli, feni, sakafu ya vigae na maji mahali pawili au patatu. Huyu si paka wa kulala barazani, wala wa kuachiwa aende mtaani.

Kama ratiba hiyo inakuchosha kuisoma tu, chukua paka wa kawaida. Yupo mtaani kwako, ana afya, na hadai chanuo.

Hatua ya 2: Tafuta mfugaji, usitafute tangazo

Mfugaji wa kweli hana watoto kila mwezi. Atakuambia usubiri, pengine miezi, na atakuuliza maswali: unaishi wapi, nani anabaki nyumbani mchana, madirisha yana nyavu, una watoto wadogo? Maswali hayo huwakera watu, lakini ni dalili njema kuliko zote. Asiyeuliza chochote isipokuwa namba utakayotumia kulipa ni dalali.

Dalali ana lugha yake. "Boss, paka yupo, wamebaki wawili, tuma kianzio nikushikie." Picha ni nzuri kupita kiasi, na kila picha ina zulia tofauti. Ukiomba kuja kuona, mara yuko safarini, mara paka wako kwa shangazi yake mkoani. Omba video ya moja kwa moja, amshike mtoto huku akitaja jina lako na siku ya leo, kisha aelekeze simu kwa mama paka. Akishindwa, funga mazungumzo. Kianzio usikitume kabla hujaingia kwenye nyumba hiyo kwa miguu yako, wewe au ndugu unayemwamini.

Kwa wanaoambiwa mtoto ametoka Urusi au Uturuki: chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa paka akishafikisha wiki 12, na nchi nyingi hutaka zipite wiki kadhaa baada ya sindano kabla hajasafiri, pamoja na cheti cha afya na kibali cha kuingiza mnyama. Mtoto wa wiki 8 aliyevuka mipaka akiwa na karatasi zote hizo, hesabu zake hazikubali.

Hatua ya 3: Soma karatasi, na ujue zinakoishia

Vyama vikubwa vinavyoandikisha paka ni GCCF ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1910, CFA (1906) na TICA (1979) za Marekani, na FIFe yenye wanachama katika nchi nyingi. Cheti cha nasaba kutoka chama cha aina hiyo kinataja wazazi, babu na bibi kwa vizazi kadhaa, namba zao za usajili na rangi zao. Piga picha ya cheti, kisha kiandikie chama chenyewe uulize kama namba hizo zipo. Soma pia kama paka ameandikishwa kwa ajili ya kuzalishwa au kwa kufugwa tu, kwa sababu wafugaji wengi huuza kwa sharti la pili, na watoto wa paka huyo hawataandikishwa.

Cheti hicho hakikuambii kama paka ni mzima. Kinaeleza ukoo, basi. Paka anaweza kuwa na vizazi vitano vya mabingwa na figo mbovu.

Hatua ya 4: Dai vipimo vya wazazi

Hapa ndipo ninapowaomba watu wasione haya.

Waajemi wana ugonjwa wa kurithi wa uvimbe wa maji kwenye figo, unaojulikana duniani kwa herufi PKD. Paka huzaliwa na vifuko vidogo vya maji ndani ya figo, vinakua taratibu, na mara nyingi dalili hujitokeza akiwa na umri wa karibu miaka 7: anakonda, anakunywa maji mengi, anatapika. Tiba ya kuuondoa haipo. Tafiti za miaka ya karibu na 2000 huko Ulaya, Marekani na Australia zilikuta Waajemi wenye ugonjwa huu wakiwa kati ya thuluthi moja na nusu ya waliopimwa. Kinachoutofautisha na magonjwa mengi ya kurithi ni kwamba nakala moja tu ya kinasaba kibovu inatosha kumfanya paka augue. Hakuna mbebaji asiye mgonjwa. Mzazi mmoja akiwa nao, takriban nusu ya watoto watakuwa nao. Hiyo ni habari mbaya yenye upande mzuri, kwa kuwa ukizalisha wazazi safi pekee, ugonjwa unakatika katika kizazi kimoja.

Mabadiliko yenyewe ya kinasaba yaligunduliwa mwaka 2004 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na maabara ya chuo hicho bado hupokea sampuli kutoka nchi mbalimbali. Sampuli ni kijiti cha pamba kilichosuguliwa ndani ya shavu la paka, kikakauka, kikatiwa kwenye bahasha. Kwa hiyo mfugaji wa Arusha au Kisumu anayesema kipimo hakiwezekani hapa kwetu hajajaribu. Ultrasaundi ya figo paka akishapita miezi 10 nayo hukubalika, ila ifanywe na daktari anayeijua. Unachodai ni matokeo ya baba na ya mama, yenye namba ya chipu ya kila mmoja. Chipu ni kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, na namba yake ina tarakimu 15. Mwombe daktari apitishe mashine shingoni mwa paka na mlinganishe. Exotic, ambaye ni Mwajemi wa manyoya mafupi, anadaiwa kipimo hichohicho.

Kila aina ina deni lake. Maine Coon na Ragdoll hudaiwa vipimo vya moyo, yaani kinasaba pamoja na ultrasaundi inayorudiwa, kwa sababu misuli ya moyo hunenepa na paka huanguka ghafla akiwa kijana. Scottish Fold mwenye masikio yaliyokunjwa sishauri anunuliwe kabisa: kinachokunja sikio ni kasoro ya gegedu, na gegedu hiyohiyo iko kwenye viungo vya miguu na mkia. GCCF iliacha kuwaandikisha tangu miaka ya 1970. Paka mweupe mwenye macho ya buluu anaweza kuwa kiziwi, sikio moja au yote mawili. Piga makofi nyuma yake akiwa hakuoni.

Wote wawili, baba na mama, wawe pia wamepimwa virusi vya FIV (upungufu wa kinga wa paka) na FeLV (leukemia ya paka).

Hatua ya 5: Nenda ukaone

Nenda mchana. Chumba kikikukaribisha kwa harufu kali ya mkojo, umeshajibiwa. Mama paka awepo, na akusogelee au walau asijifiche. Watoto hujifunza kuogopa kutoka kwake. Baba anaweza kuwa kwa mfugaji mwingine, hilo ni la kawaida.

Sasa mshike mtoto. Tazama uso wake kwa ubavu. Ukingo wa juu wa ncha ya pua usipande juu kuliko ukingo wa chini wa jicho. Ndicho kipimo cha Waingereza, na mimi nakipenda kuliko tamaa ya wanaotaka uso uliobonyea kama sahani. Msikilize akipumua akiwa ametulia: asikorome. Mapua yawe wazi, macho yasiwe na usaha, masikio yasiwe na uchafu mweusi kama unga wa kahawa, ambao ni utitiri. Panua manyoya chini hadi uone ngozi. Mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika ni choa, ambayo Waajemi hushikwa nayo kwa urahisi na huwaambukiza watoto wenu. Inua mkia, angalia kama kumekauka kinyesi cha kuhara. Tumbo lililovimba kwenye mwili mwembamba ni minyoo.

Kadi ya chanjo isomwe kwa makini. Daktari hubandika kibandiko kilichotoka kwenye kichupa cha dawa, chenye namba ya toleo, kisha anatia sahihi na mhuri. Mistari iliyoandikwa kwa kalamu moja siku moja, bila kibandiko, usiihesabu.

Hatua ya 6: Umri na makubaliano

Usimchukue kabla ya wiki 12. Mwenye kukuharakisha kwa wiki 6 au 7 anakwepa gharama ya chanjo na chakula, na wewe utapokea paka anayeng'ata, anayenyonya shuka na anayekosea choo. Mambo haya mama na ndugu zake ndio humfundisha.

Andikianeni, hata ukurasa mmoja: namba ya chipu, chanjo alizopata, bei, nani anagharimia akikutwa na ugonjwa wa kuambukiza ndani ya siku kadhaa mtakazokubaliana, sharti la kumhasi au kumfunga kizazi, na kwamba mfugaji atampokea paka wakati wowote ukishindwa kumlea. Kisha mpeleke kwa daktari wako ndani ya siku 2 au 3, na mweke chumba kimoja mbali na paka wengine kwa wiki mbili. Chakula kiwe kilekile alichozoea, na mchanga wa choo vilevile.

Hatua ya 7: Kabla hujazalisha, piga hesabu

Wengi humpandisha jike wao ili kurudisha pesa waliyonunulia. Hesabu hiyo haiwi. Weka pembeni kwanza gharama ya upasuaji wa uzazi, kwa kuwa vichwa vikubwa vya Waajemi hukwama. Kisha vipimo, chanjo za uzao mzima, na usingizi wako. Ulizia mapema daktari gani anapokea simu saa nane usiku. Kama mji wako hauna hata mmoja, nashauri usizalishe Mwajemi.

Hatua ya 8: Kuwachagua jike na dume

Jike awe ametimiza walau mwaka 1, amekomaa, chanjo zimekamilika, na tabia yake ni ya upole. FIFe hairuhusu zaidi ya uzao 3 ndani ya miezi 24, na kwa maoni yangu hata hizo ni nyingi. Katika nchi zetu karibu na ikweta mwanga wa jua hauna msimu, kwa hiyo jike anaweza kupata joto, yaani hamu ya kupandwa, mwaka mzima, akirudia kila baada ya wiki 2 au 3. Hilo lisiwe sababu ya kumpandisha kila anapolia.

Vipimo vya hatua ya 4 vinarudi hapa, na kinaongezeka kimoja ambacho wafugaji wapya hawakijui hadi wazike watoto: kundi la damu. Paka wengi ni kundi A. Lakini miongoni mwa Waajemi na British Shorthair wapo wa kundi B, na jike wa kundi B ana kinga kali dhidi ya damu A tangu utotoni. Akizaa na dume wa kundi A, watoto wa kundi A huzaliwa wazima kabisa, wananyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, na dang'a hiyo inapitisha kinga inayovunja chembe zao za damu. Baada ya saa chache au siku moja mbili wanaacha kunyonya, mkojo unakuwa wa kahawia, wanakufa mmoja mmoja. Anayenusurika huenda akapoteza ncha ya mkia. Majirani husema ni jicho baya. Dawa ni kupima damu kabla: jike wa B apewe dume wa B, au watoto watengwe na maziwa ya mama kwa saa 24 za kwanza wakilishwa maziwa ya unga ya watoto wa paka, kisha warudishwe.

Undugu nao uangaliwe. Mfano tunao nyumbani. Mwaka 1978 Jeni Slater aliwakuta kwenye shamba lake, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, paka wenye mabaka kama gome la mti ambao Wagiriama huwaita kadzonzo. Wachache wakapelekwa Denmark miaka ya 1980, wakazalishwa, na FIFe ikawatambua kwa jina la Sokoke mwaka 1993. Kwa kuwa walianza wachache mno, damu ilibana, ikabidi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachukuliwe paka wengine kutoka Kenya ili kuipanua. Mfugaji wa Waajemi katika mji wenye madume mawili tu yuko kwenye hatari hiyohiyo. Linganisha vyeti vya jike na dume kwa vizazi vinne au vitano. Majina yakijirudia, tafuta dume mwingine, hata kama yuko nchi jirani.

Hatua ya 9: Kupandisha na mimba

Jike hupelekwa kwa dume, maana dume ugenini hupoteza muda kunusa kuta. Waache pamoja siku 2 au 3. Yai la paka hutoka kwa kuchochewa na tendo lenyewe, hivyo kupanda mara moja huenda kusitoshe. Ukirudi naye nyumbani mfungie ndani, kwa sababu joto likiwa halijaisha anaweza kupandwa na dume wa mtaani, na uzao mmoja ukawa na baba wawili.

Mimba ni siku 63 hadi 67. Karibu na wiki ya 3 chuchu huwa za waridi. Chakula chake kibadilishwe polepole kiwe kile cha watoto wa paka, na kiongezwe kadiri tumbo linavyokua. Usimpe vidonge vya kalsiamu, vinaweza kumletea degedege baada ya kuzaa. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini zinaua paka, mwenye mimba na asiye na mimba, na paracetamol vilevile. Kuelekea mwisho omba eksirei, ujue idadi ya watoto. Siku ya kuzaa utaishukuru.

Hatua ya 10: Siku ya kuzaa

Andaa boksi lenye taulo, pembe tulivu, uzi safi, mkasi uliochemshwa, mzani wa jikoni na namba ya daktari ukutani. Punguza manyoya kuzunguka chuchu na sehemu ya nyuma. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 37.8, uchungu kwa kawaida uko ndani ya siku moja.

Mama akiwa mzoefu, kaa mbali na unyamaze. Mwajemi lakini mara nyingi hushindwa kupasua utando au kukata kitovu kwa sababu ya taya lake. Hapo pasua utando usoni mwa mtoto, mfute pua na mdomo, msugue kwa taulo hadi alie, funga kitovu sentimita 3 hivi kutoka tumboni na ukate upande wa nje. Hesabu makondo ya nyuma.

Piga simu kwa daktari kama anasukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, kama yamepita masaa mawili akiwa na wasiwasi na unajua mwingine yumo, kama majimaji ya kijani yametangulia kabla ya mtoto wa kwanza, au damu mbichi inatiririka. Usivute mtoto aliyekwama.

Hatua ya 11: Wiki 12 za kulea

Mtoto huzaliwa na gramu 90 hadi 110 hivi, na aongeze gramu 10 hadi 15 kwa siku. Mpime kila siku saa ileile, uandike. Anayepungua siku nzima hasubiriwi kesho. Wiki ya kwanza kiota kiwe na nyuzi 29 hadi 32. Dar mwezi wa Januari huna kazi ya kufanya, Nairobi mwezi wa Julai weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na nafasi ya mtoto kujiondoa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha.

Kuanzia wiki ya 2 hadi ya 7 akili yao iko wazi kujifunza binadamu. Washikwe na watu tofauti, wakubwa kwa wadogo; wasikie blenda, redio, mvua juu ya bati. Dawa ya minyoo huanza wiki ya 3 na kurudiwa kila wiki 2, chakula laini wiki ya 4, chanjo ya kwanza wiki ya 8 na ya pili wiki ya 12. Ya wiki ya 16 ni juu ya mnunuzi, mwandikie kwenye kadi.

Ukifika wakati wa kuwatoa, waulize wanunuzi maswali yaleyale uliyoulizwa wewe. Asiyetaka kuzalisha apewe paka aliyekwisha kuhasiwa au kufungwa kizazi, jambo ambalo daktari mzoefu hulifanya hata kabla ya umri wa miezi 4. Mama naye apumzike, na akikaribia miaka 5 au 6 afungwe kizazi, abaki nyumbani au apewe nyumba nyingine tulivu, bure.